Mama Hatapanga Foleni

Yeoville, Johannesburg
7 Desemba 2018

Yaya Placide, kaka yangu mkubwa,

Habari za huko kwenye baridi? Wifi Hélène na watoto wazima? Sisi tupo, isipokuwa Mama, na ndiye anayenifanya nikuandikie leo bila kungoja Jumapili. Naandika kwenye simu nikiwa saluni, mteja nimemsuka nusu kichwa, kwa hiyo makosa uyasamehe.

Ni jicho lake. Unajua la kushoto lilikufa tangu kwetu Kongo, kule Uvira, amebaki na la kulia. Wiki iliyopita aliniambia anaona vimulimuli, halafu kivuli kimeshuka upande mmoja kama pazia. Nikampeleka hospitali ya serikali. Foleni usiniulize. Karani wa mapokezi aliposikia Kiingereza chetu alitutazama kama tumekuja kuiba mashuka, akasema wageni walipe kwanza. Siku hizi kila mwanasiasa kwenye runinga anasema sisi ndio tunaojaza vitanda na kupandisha gharama za matibabu. Uchaguzi unakaribia, na karani naye ana runinga kwake. Lakini nesi mmoja, mama mtu mzima, akamwambia, "Eish, wewe! Hawa wana karatasi ya wakimbizi. Fungua faili." Faili likafunguliwa.

Daktari anasema ngozi ya ndani ya jicho imeanza kubanduka. Inatakiwa ibandikwe upesi. Ikibanduka yote, hakuna wa kuirudisha. Ametupa tarehe ya upasuaji: Jumanne, 18 Desemba.

Sasa tatizo ni Mama mwenyewe. Karani alimdharau mbele za watu na yeye hataki kurudi pale. Amesikia kuna kliniki ya kulipia upande wa Parktown, watu wanaketi kwenye viti vya kitambaa. Mimi nasema tupange foleni, dharau ya karani haipofushi mtu. Yeye anasema mtoto wa kwanza ndiye mwenye uamuzi, tumwandikie Placide, atakalosema ndilo. Haya, sema. Na ukitaka maoni yangu, sema hospitali.

Mwandikie yeye, maana unamjua. Sauti za simu hazitaki, anasema sauti ikipita imepita. Shekinah wangu ataichapisha barua yako pale intaneti ya Rockey Street, na bibi yake ataisoma mwenyewe kwenye kikundi cha maombi, kama ilivyo desturi yao, kila mwenye mtoto mbali anasoma ya kwake.

Mdogo wako,
Arlène


Silver Spring, Maryland
13 Desemba 2018

Mama mpendwa, na ndugu wote wa kikundi cha maombi mliokusanyika kwake,

Bwana asifiwe sana.

Nimepata habari za jicho na moyo wangu umeumia. Nimeumia zaidi kusikia kwamba mtu asiyejua wewe ni nani amekusemesha ovyo kwenye dirisha la mapokezi. Mama aliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa Uvira leo aambiwe alipe kwanza kama mzururaji! Haiwezekani, na mimi niko hai.

Basi uamuzi wangu ni huu. Mama hatapanga foleni. Mama ataenda kwenye kliniki ya kulipia, ataonwa na daktari bingwa, atalala kwenye chumba chake peke yake. Ile tarehe ya hospitali ya serikali waachieni wasio na mtu. Mwisho wa mwezi natuma kila kinachohitajika.

Ndugu zangu, msiwe na wasiwasi juu yangu. Nalinda jumba la makumbusho ambalo watu wanatoka dunia nzima kuja kuliona. Nafanya kazi na kampuni, si serikali, na kampuni inajua thamani yangu. Subirini kidogo tu.

Mwanao akupendaye,
Placide


Yeoville
19 Desemba 2018

Yaya,

Ungekuwepo Jumapili! Mama alivaa miwani, akaisogeza karatasi kwenye upande anaoona, akawasomea wote. Alipofika kwenye "Mama hatapanga foleni" akasimama, akarudia. Watu walipiga makofi mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Hata mimi nilipiga, sikufichi. Nilijisikia fahari kuwa na kaka.

Lakini jana ilikuwa Jumanne. Niliamka mapema, nikavaa, nikamwambia Mama twende tu, hiyo kliniki itatukuta mbele. Akakataa kabisa. "Nimeshawasomea watu," akasema, "sasa wanione kwenye foleni?" Nikapiga simu hospitali kusema hatuji, na nafasi yake wakampa mtu mwingine.

Pazia linashuka, Yaya. Sasa anaona kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Kliniki wako tayari kumpokea siku yoyote, wanangoja neno lako tu. Usichelewe, nakuomba.

Arlène


Silver Spring
29 Desemba 2018

Mama mpendwa na ndugu wote,

Krismasi imepita salama. Mti tuliupamba kwa taa na karatasi za rangi, na mdogo, Fiacre, aliimba kanisani kwa Kiswahili, maneno mengine akayameza. Hélène alipika ndizi, zikatukumbusha kwetu.

Kuhusu ile shughuli ya kliniki: benki za huku zina sikukuu ndefu, na pale kazini kuna mambo madogo ya makaratasi. Ni wiki moja, pengine mbili. Mama awe na amani. Nilichosema nimesema.

Heri ya Mwaka Mpya.
Placide


Yeoville
9 Januari 2019

Placide,

Leo sikuiti Yaya.

Runinga ya Thierry, kinyozi wa mlango wa pili, imesema serikali ya Amerika imefungwa. Nilipiga kelele, mteja akadhani nimeungua. Kwetu unajua ilivyo: serikali ikifungwa, askari hawana mshahara, wewe unaingiza watoto chini ya kitanda. Nikasema kaka yangu amekwisha. Thierry akanicheka. Akasema huko ni wanasiasa wanagombania ukuta wa mpakani, maduka yako wazi, na wafanyakazi wa serikali watarudishiwa mishahara yao yote. Ndipo nikakumbuka kwamba wewe hata si wa serikali. Uliandika mwenyewe, na Mama akawasomea watu: kampuni, si serikali. Kwa hiyo hayakuhusu.

Halafu jana Shekinah akanionyesha picha kwenye Facebook ya rafiki yako. Umekaa kwenye meza ndefu, wapishi wenye kofia nyeupe wamesimama nyuma, watu wanacheka, na mbele yako sahani ya kuku na wali imejaa mpaka ukingoni. Na wewe unacheka. Niliikuza ile picha mpaka nikaona meno yako ya nyuma.

Mama sijamwambia. Yeye anawaambia watu benki za Amerika ndivyo zilivyo. Leo asubuhi ameniuliza kama kumekucha. Jua lilikuwa usoni kwake, Placide, na akaniuliza kama kumekucha. Kila siku namwomba turudi hospitali, na jibu ni lilelile, Placide kasema tusubiri. Neno lako ndilo lililomfungia humu ndani. Kama huna nia, andika kwamba huna nia, nimtoe.

Endelea kula vizuri.

Arlène


Silver Spring
14 Januari 2019

Wifi yangu Arlène,

Placide hajui kama nakuandikia. Alisoma barua yako, akatoka nje kwenye theluji bila koti.

Picha ile nataka uijue. Ule ni mkahawa uliofungua milango kuwalisha bure watu waliokosa mshahara kwa sababu serikali imefungwa. Placide alipanga foleni barabarani, na baridi yote hii, kupata sahani ile. Nusu aliifungasha akatuletea. Alicheka kwa sababu mpiga picha aliwaambia wacheke.

Ni kweli anafanya kazi na kampuni. Lakini jumba analolilinda ni la serikali. Jumba likifungwa, kampuni hailipwi, na kampuni isipolipwa nasi hatulipwi. Wale wa serikali watarudishiwa yao. Wa kampuni, wifi, hawarudishiwi kitu, siku iliyopita imepita. Na bima ya afya ya kampuni tumeambiwa haitatuhudumia mpaka kazi irudi. Fiacre ana pumu, na dawa yake ya kuvuta tunampa kwa kubana. Majirani wanasema miaka ile ya nyuma walifunga serikali kwa kugombania bima ya afya, safari hii ni ukuta. Mimi siasa zao sizijui. Najua tu kwamba mtoto akianza kukohoa tunatazamana.

Nilimwuliza mume wangu kwa nini hakusema. Akanijibu, "Nikiandika, Mama ataisoma mbele ya watu. Nitamfanya atamke kwa mdomo wake kwamba mwanawe hana kitu?" Nikamwambia mwandikie Arlène peke yake. Akasema wewe huwezi kumficha Mama jambo, uso wako unasema kabla yako. Na kila siku alikuwa anasema kesho watafungua. Mimi pia nilimwamini, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia, na hilo linaniuma.

Usisubiri kitu kutoka kwetu. Mchukue Mama leo. Mwambie Placide ndiye ameagiza, nami huku nitakubali lawama.

Wifi yako,
Hélène


Yeoville
27 Januari 2019

Wifi Hélène, na wewe Yaya,

Nilipoipata barua nilimwacha mteja kwenye kiti nikakimbia nyumbani. Nikamwambia Mama, "Placide ameandika, anasema twende hospitali." Siku nyingine angeuliza karatasi iko wapi, aishike. Safari hii alinyoosha miguu tu nimvalishe viatu.

Karani alikuwa yuleyule. Nilikuwa nimejiandaa kupigana naye, njia nzima kwenye teksi nilikuwa napanga maneno. Alitafuta faili, akaliona, akatazama karatasi ya wakimbizi, akagonga muhuri, akasema tukae. Basi. Hakutudai chochote. Nilikaa kwenye benchi na maneno yangu yote nikaanza kulia, watu wakadhani nimefiwa.

Daktari alimulika jicho, akazima taa, akawasha tena. Akaniuliza, "Mlikuwa na tarehe mwezi wa kumi na mbili. Mlikuwa wapi?" Nikasema tulikuwa tunasubiri. Akasema, "Mnasubiri nini?" Alikuwa hanigombezi, Hélène, alitaka kujua kweli.

Walimpasua hata hivyo, wakasema tujaribu. Ijumaa walifungua bandeji. Mama aligeuza uso upande wa dirisha, halafu upande wa sauti yangu, halafu akasema, "Arlène, waambie wanaweza kufunga." Haoni. Si kivuli, si mwanga. Daktari anasema ngozi ilikuwa imekaa bila uhai muda mrefu mno, lakini ile Jumanne ya Desemba wangeiwahi.

Kesho yake Thierry alikuja mbio saluni kunipa habari njema, serikali yenu imefunguliwa. Nikamshukuru.

Yaya, barua yangu ile ya kuku na wali ningeweza kuirudisha ningeirudisha. Nilikuona unacheka nikakuhukumu. Nisamehe. Lakini na wewe, eh Placide! Maneno mawili tu yalikushinda?

Arlène


Silver Spring
3 Februari 2019

Arlène mdogo wangu,

Hii isome peke yako.

Hakuna cha kukusamehe. Barua yako ile ndiyo pekee katika zote tulizoandikiana iliyosema kitu.

Nimerudi kazini. Nasimama kwenye ukumbi ule, watu wanapita wanatazama picha ukutani, wanarudi nyuma hatua moja kuzitazama vizuri, wanasogea tena. Kutwa nzima nawatazama watu wakitazama. Jana bibi mmoja mwenye miwani mizito aliniomba nimsomee maandishi madogo chini ya picha. Nikamsomea mstari wa kwanza, wa pili ukanishinda, ikabidi mwenzangu aje.

Unauliza kama maneno mawili yalinishinda. Yalinishinda. "Sina kitu." Nimeyaandika hapa nayatazama, ni mafupi, mtoto wa darasa la kwanza angeyaandika. Nilidhani namheshimu Mama. Nilikuwa najiheshimu mwenyewe kwa kutumia jicho lake. Na nikwambie linaloniaibisha kuliko yote: mimi nilipanga foleni ya chakula bila haya. Hapa hakuna anayemjua mama yangu, kwa hiyo niliona si kitu. Yeye nikamkataza kupanga ya jicho.

Niambie ukweli, Mama anajua? Kama hujamwambia kwa nini nilisema asubiri, nakuomba umwache hivyo. Na kama umemwambia, nitajie alivyosema, neno kwa neno, hata kama ni laana.

Kaka yako,
Placide


Yeoville
24 Februari 2019

Mwanangu Placide,

Mimi nasema, Arlène anaandika. Nimemkataza kunitengenezea maneno.

Ameniambia yote. Usimlaumu, nilimshika mkono nikamwuliza. Barua yako ya mwisho pia ameisoma, kwa kuwa nilimwambia asome. Sasa hakuna barua yako itakayosomwa bila mimi, na hakuna itakayosomwa mbele ya watu. Tunafunga mlango, tunakaa kitandani, anasoma.

Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Najua mtoto anapotunga sababu. Ile barua yako ya mti wa Krismasi niliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, na nilipofika kwenye benki zenye sikukuu ndefu nilijua kwamba huna kitu. Nilijua siku ileile. Ndiyo barua ya mwisho niliyosoma maishani mwangu. Ningeweza kuinuka nikamwambia Arlène twende. Sikuinuka, maana makofi yale yalikuwa matamu, Placide. Nimekuwa mkimbizi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijapigiwa makofi tangu niliposhika chaki. Kwa hiyo usiubebe mzigo wote wewe. Sehemu yangu niachie, nami nitaibeba.

Sisemi sina uchungu. Asubuhi huwa nasahau, nafungua jicho, nangoja, halafu nakumbuka. Nina hasira na karani, nina hasira na wanasiasa wa huku na wa huko wanaogombana juu ya nani atibiwe kwa gharama ya nani, na wewe nina hasira nawe. Bado sijamaliza kukukasirikia, na sitaki uniharakishe. Nakupenda vilevile.

Jumapili iliyopita kikundi kilikuja. Wakauliza, mama, barua ya Placide iko wapi? Nikawaambia kwamba hakuna barua ya kuwasomea tena. Nikawaambia mwanangu alikuwa hana mshahara, alikuwa anakula chakula cha msaada, na mimi nimepofuka kwa kusubiri pesa ambazo nilijua hazipo. Nilidhani wameondoka.

Kisha nikasikia mtu analia karibu na mlango. Ni Emérite, yule Mrundi anayeshona nguo ghorofa ya tatu. Alikuwepo Desemba siku nilipoisoma barua yako, alikaa karibu nami, na makofi yake ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko ya wote. Ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa na tarehe yake hospitali, wiki ileile ya kwangu. Siku ile alipanda ngazi kurudi kwake akiwaza kwamba na yeye ana kaka, yuko Kanada, kwa nini apange foleni atukanwe? Akaiacha tarehe. Mpaka Jumapili alikuwa bado anamngoja kaka yake.

Jumatatu Arlène alimpeleka. Nilitaka kwenda nao, wakaniambia nitawachelewesha, nikabaki. Faili lake limefunguliwa tena na amekatwa kipande cha nyama kwa ajili ya vipimo. Nimemwuliza uvimbe ulikuwa na ukubwa gani Desemba na una ukubwa gani sasa. Alichukua kidole changu akakiweka juu ya uvimbe.

Majibu yanatoka Alhamisi. Niandikie kabla ya hapo uniambie kifua cha Fiacre kikoje na mmekula nini, na kama hamkula, andika hamkula.

Mama yako,
Marthe